Kibati Kilisema Lita 250, Saa Ikasema 118

Kompresa yangu, mashine ya kushindilia hewa ninayopulizia vanishi, ina kibati cha bati ya fedha kilichopigiliwa ubavuni mwa tenki. Kinasema: hosipawa 3, presha baa 8, tenki lita 100, hewa lita 250 kwa dakika. Nimekikariri kama namba ya simu ya mama. Kwa mwaka mzima na ushee nilikiamini kuliko macho yangu, na imani hiyo ikanitia hasara ya milango mitano ya mninga, ikaniharibia jina kwa mteja mmoja, na ikanigombanisha na kijana wangu wa kazi ambaye hakuwa na kosa lolote.

Niko Chikongola, Mtwara mjini. Natengeneza milango, makabati, vitanda, wakati mwingine na majeneza, nisiwe mwongo. Mbao napata za mkongo na mninga zinazoteremka kutoka Liwale na Nachingwea. Zamani vanishi nilipaka kwa brashi na kitambaa kama wenzangu, mpaka wateja walipoanza kuleta picha kwenye simu na kusema wanataka mlango "kama kioo". Brashi haitoi kioo. Nikajikusanya, nikaenda Dar, Gerezani, nikanunua kompresa kwa shilingi 1,150,000. Kuisafirisha kwa basi zaidi ya kilomita 550 ilikula 40,000 nyingine, na utingo aliilaza ubavu njia nzima, kwa hiyo ilifika imetapika oili yote.

Muuzaji aliniambia mashine hiyo inapuliza hata basi. Na akanichagulia spreya, bunduki ya kupulizia vanishi, ile ya kisasa yenye kikombe juu, inayotumia hewa nyingi kwa presha ndogo. Alisema inaokoa vanishi, haitupi nusu yake hewani. Hilo lilikuwa kweli na ni kweli mpaka leo. Lakini kwenye boksi lake kulikuwa na mstari mmoja: futi za ujazo 12 kwa dakika. Sikuusoma. Futi za ujazo mimi na wapi, nikatupa boksi.

Mwaka wa kwanza mambo yalikwenda. Nilipuliza viti, stuli, milango ya makabati ya jikoni, fremu za vioo. Vyote ni vitu vidogo, unabonyeza sekunde 20 au 30, unaachia, unageuza, unabonyeza tena. Kompresa ikinguruma pale pembeni nikajiona nimeshafika. Kumbe nilikuwa natumia akiba ya tenki tu. Ni kama mtu anayekopa dukani kila siku na kulipa jioni: ataonekana tajiri mpaka siku atakayohitaji gunia zima.

Gunia lenyewe lilikuja mwezi wa Agosti. Mwenye nyumba moja ya wageni aliniletea oda ya milango 16 na akataka iwe tayari kabla ya Oktoba. Kwa asiye wa huku: Oktoba ndipo minada ya korosho inapoanza, na kuanzia hapo mji unajaa wanunuzi, madereva wa malori na kila mwenye kutafuta riziki karibu na korosho. Chumba kisichokuwa na mlango wakati huo ni pesa inayomwagika. Akanipa malipo ya awali, tukapeana mikono.

Mlango wa kwanza, kijana wangu alianza juu akashuka. Nusu ya juu ilitoka safi, unajiona uso. Kuanzia usawa wa kitasa kwenda chini vanishi ilikuwa imetua chembechembe, imekunjamana, yale tunayoita maganda ya chungwa. Nikamwambia, "Mkono wako unachoka." Akajibu kwa adabu, "Bosi, hewa inapungua." Nikamwonyesha kibati. Lita 250! Hewa ipungue iende wapi?

Wa pili vilevile. Wa tatu nikapuliza mwenyewe kumwonyesha kazi, nikatoa maganda mabaya kuliko yake, nikasema ni thina ya siku hizi. Tukaongeza thina, ikachuruzika. Tukapandisha presha ya spreya, ikazidi kula hewa. Wa nne na wa tano ndiyo ikaja balaa jipya: vanishi ikapauka, ukungu mweupe kama maziwa chini ya ngozi ya mlango. Kompresa ilikuwa haizimi kutoka asubuhi, hedi, yaani kichwa cha silinda, imepata moto sana, mashine inatema maji ndani ya hosi. Jioni hiyo nilimwambia kijana maneno ambayo sitayaandika hapa, na kesho yake hakuja kazini.

Milango mitano ilirudi kwenye msasa. Vanishi, sila, thina na msasa vilivyopotea nilivipigia hesabu vikafika 210,000, achilia mbali siku sita.

Aliyenizindua ni mjomba wangu, mdogo wake mama, mstaafu wa mitambo ya bandarini. Kwetu huku mjomba akiingia, hata baba anapunguza sauti. Alipita kuniulizia habari za mama, akaikuta kompresa inaunguruma na mimi nimekaa kwenye kigoda nimeshika tama.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Mashine yako inatoa hewa kiasi gani?"

"Lita 250 kwa dakika, mjomba. Imeandikwa pale."

"Nimekuuliza inatoa kiasi gani, sijakuuliza imeandikwa nini. Umepima?"

Nikacheka kidogo. Hewa inapimwaje? Akaniuliza nitajuaje bomba la maji linatoa kiasi gani. Nikasema nitaweka ndoo, nitatazama saa. Akasema, "Ndoo unayo, ina magurudumu. Saa unayo mkononi." Akaomba chai.

Basi hapo ndipo darasa lilipoanza, na nalieleza pamoja na makosa yangu maana makosa ndiyo yaliyonifundisha zaidi.

Hesabu yenyewe ni ya sekondari, ile kanuni ya Boyle ya presha na ujazo wa hewa. Tenki likiwa na presha ya baa 1 kwenye geji, ndani yake umeshindilia hewa ya ziada inayolingana na ujazo wa tenki lenyewe. Baa 2, mara mbili yake. Kwa hiyo chukua lita za tenki, zidisha kwa baa zilizopanda, gawanya kwa sekunde zilizotumika, zidisha kwa 60. Unapata lita kwa dakika za hewa kama hii tunayovuta puani. Pwani hapa presha ya hewa ya kawaida ni karibu sana na baa 1, ndiyo maana hesabu inakuwa nyepesi. Aliyeko Newala, juu ya mita 600, hewa yake ni nyepesi kwa kama asilimia 7, na pistoni ile ile inameza mzigo mwepesi zaidi kila mzunguko.

Mimi kwa haraka zangu, mjomba hata hajamaliza chai, nikafungua koki tenki likaisha hewa, nikawasha, nikahesabu kutoka sifuri mpaka 8. Dakika 4 na sekunde 40. Lita 100 mara 8 ni 800, gawanya kwa sekunde 280, zidisha kwa 60: lita 171. Nikaona afadhali, si 250 lakini si haba. Mjomba akasema, "Umekosea mara nne."

Kosa la kwanza ni kuanzia sifuri. Tenki likiwa tupu pistoni inasukuma bila upinzani, kama kupanda baiskeli kwenye mteremko. Spreya haifanyi kazi kwenye baa sifuri. Pima pale unapofanyia kazi. Kwangu tukachagua kutoka baa 4 hadi 6.

La pili, tenki. Nani kasema ni lita 100? Tulizima umeme, tukatoa hewa yote, tukafungua tundu la juu na kulijaza maji mpaka shingoni. Ziliingia ndoo nne za lita 20 na chupa nane za maji za lita moja na nusu. Lita 92. Lita nane za kibatini hazikuwahi kuwepo. Maji yalipotoka yalikuwa mekundu kama chai ya rangi, na kabla ya kujaza tulikuwa tumeshakinga karibu lita tatu za maji machafu yaliyolala chini miezi na miezi, kwa sababu koki ya kukinga maji nilikuwa siifungui. Mjomba aligonga tenki lote kwa kinyundo kidogo akisikiliza mlio, akakagua maungio, ndipo akaridhika. Ukigonga ukasikia mahali panabonyea au mlio wa debe bovu, hapo hakuna cha kupima tena, tenki hilo ni bomu. Wala usithubutu kuziba valvu ya usalama kwa sababu "inavujisha". Tulilikausha juani kutwa nzima, matundu yote wazi.

La tatu, geji. Geji iliyokuja na mashine ilipowekwa sambamba na geji nzuri ya fundi pancha wa jirani ilisoma 8 wakati mwenzake anasoma 7.3. Nilinunua mpya kwa 18,000, yenye uso mpana ambao nusu baa unaiona bila kukodoa macho. Katika pesa zote nilizotoa mwaka ule, hiyo ndiyo iliyofanya kazi kubwa kuliko bei yake.

La nne ndilo lililonishangaza. Hewa ikishindiliwa inapata joto, shika pampu ya baiskeli utaelewa. Joto hilo linapandisha mshale wa geji, unadhani umeingiza hewa nyingi kumbe umeingiza moto. Kwa hiyo unaanza tenki likiwa limepoa kwenye baa 4, unapandisha hadi 6, unazima, unafunga koki ya kutokea, unasubiri. Sisi tulisubiri dakika 20. Mshale ukashuka ukatulia kwenye 5.8. Hewa ya kweli iliyoingia ni ya baa 1.8, si 2.

Niliuliza, je, kama imeshuka kwa sababu inavuja? Swali zuri, mjomba akasema, angalau moja. Tukaiacha saa nzima zaidi. Ingekuwa uvujaji ingeendelea kushuka, haikusogea. Lakini tulipofungua hewa iende kwenye hosi zangu za karakana, ikashuka baa 1 kwa dakika 10. Lita 92 kwa dakika 10, yaani lita 9 kila dakika zilikuwa zinaishia kwenye vibano na kiunganishi cha haraka kilichochoka. Maji ya sabuni yalituonyesha kila tundu, mapovu yanachemka. Vibano vitatu na mkanda mweupe wa mabomba, basi.

Sasa kipimo chenyewe. Kutoka 4 hadi 6, tenki limepoa, geji mpya, hosi zimefungwa: sekunde 84. Lita 92 mara 1.8, gawanya kwa 84, mara 60.

Lita 118.

Nilirudia mara tatu. Nilitoka nje nikasimama chini ya mwembe. Nilichokuwa nakiona mbele yangu ni kijana wangu akisema, "Bosi, hewa inapungua," na mimi nikimwonyesha kibati.

Mzee alinikuta pale, akanipigia hadithi ya baba yake aliyewahi kufanya kibarua kwenye mradi wa karanga wa Waingereza. Wazungu walikuwa na makaratasi yenye hesabu za ekari na tani, wakajenga bandari hii ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea ili kusafirisha karanga ambazo hazikuja. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, baadaye hata reli ikang'olewa. "Sisi watu wa Kusini," akasema, "tuna sababu ya kuuliza namba imepimwa wapi." Sina hakika kama alikuwa ananifariji au ananicheka.

Tukageukia spreya. Hiyo nayo inapimwa kwa tenki lile lile, kinyumenyume. Unapandisha hadi 6, unazima kompresa, unaweka regyuleta, kile kifaa cha kupunguza presha, kwenye presha unayopulizia, unabonyeza spreya bila vanishi na kuhesabu mpaka mshale ufike 4. Yangu ilimaliza kwa sekunde 36. Lita 184 kwa sekunde 36 ni kama lita 307 kwa dakika. Hewa inapotoka tenki linapoa na mshale unashuka zaidi kidogo ya haki yake, hivyo matumizi halisi ni pungufu kidogo ya hapo, lakini kwa uamuzi wa karakana inatosha.

Weka namba mbili pamoja. Spreya inataka 307, mashine inaleta 118, pengo ni 189 kila dakika. Akiba ya tenki kutoka 7.3 hadi 3, ambapo spreya inaanza kutema chembe, ni kama lita 396. Gawanya: dakika mbili na kidogo. Upande mmoja wa mlango unataka kama dakika tatu za kubonyeza. Ndiyo maana nusu ya juu kioo, nusu ya chini chungwa. Tangu mwanzo hesabu ilikuwa imeandikwa kwenye milango, mimi nasoma kibati.

Tamaa ya kwanza ilikuwa kuuza na kununua kubwa. Mjomba akakataa: mashine iliyochoka ukiiuza utapewa bei ya chuma, kwanza ujue imechokea wapi. Akataka tutengeneze kitu kimoja kimoja na kupima kila baada ya kimoja, tusiguse viwili kwa pamoja. Mimi mtu wa haraka niliona ni ubishi wa kizee. Sasa naona ndiyo sababu najua mashine yangu.

Tulianza na chujio la hewa. Karakana ya mbao ina vumbi la msumeno, chujio lilikuwa kama mkate. Tulilibadilisha kwa 6,000, muda ukashuka hadi sekunde 79, lita 126. Mkanda unaotoka kwenye mota ulikuwa umelegea na unang'aa upande wa ndani, dalili ya kuteleza. Tukaweka mpya na kuunyoosha mpaka ubonyee kama upana wa kidole tu. Sekunde 72, lita 138.

Kisha umeme. Kwa mita ya umeme tulisoma volti 214 kwenye soketi na 190 kwenye mota wakati inafanya kazi. Volti 24 zilikuwa zinapotelea kwenye ekstensheni yangu ya mita 40 yenye waya mwembamba, ambayo kila siku ilikuwa ya moto nami naona ni jua. Nikavuta waya mnene wa milimita 4. Sekunde 69, lita 144. Faida ya hewa ni ndogo, lakini mota iliacha kulia wakati wa kuwaka, na nadhani nimeiponya isiungue. Kama unafanyia kazi jirani na fundi wa mageti, pima wakati naye anachomelea, usipime Jumapili mji umelala.

Mwisho tukafungua hedi. Valvu ni vibati vyembamba vya chuma vinavyofunguka na kufunga kila mzunguko; vyangu vilikuwa na masizi meusi na kimoja hakikai sawa, na gasketi ilikuwa imepasuka kati ya silinda mbili. Hewa ilikuwa inapanda na kurudi ilikotoka. Seti ya valvu na gasketi ilinigharimu 45,000, ikasubiriwa siku nne kutoka Dar. Tulipofunga, sekunde 59. Lita 168.

Hedi ilipokuwa wazi mjomba aliniambia nipime kipenyo cha silinda na mwendo wa pistoni. Milimita 65 na milimita 45, silinda mbili. Puli ya mota 74, gurudumu la kompresa 250, mota mizunguko 2,840, kwa hiyo kompresa inazunguka kama 840 kwa dakika. Piga hesabu ya ujazo: inakuja lita 250 na pointi kidogo.

Kumbe kibati hakikudanganya! Kiliandika nafasi ambayo pistoni inafagia, hakikuandika hewa inayotoka. Kati ya hayo mawili kuna uwazi unaobaki juu ya pistoni, hewa inayopashwa moto ikiingia, valvu zinazochelewa kufunga, pete za pistoni zinazopitisha. Mashine ndogo ya pistoni kama hii ikitoa theluthi mbili ya anachofagia ni mzima wa afya, na 168 kwa 250 ni theluthi mbili. Viwanda vinavyotaka kusema kweli vina kiwango cha kimataifa cha kupimia, ISO 1217, kinachotaja hewa iliyofika mwisho wa safari. Ukienda dukani uliza swali moja tu: hii namba ni ya hewa inayoingia au inayotoka, na kwa baa ngapi? Muuzaji akikutazama kama umemtukana, chukulia theluthi mbili. Hosipawa hazijibu swali hilo. Zinakwambia umeme utakaokula.

Lita 168 hazilishi spreya ya 307 hata kwa dua. Nikanunua spreya nyingine ndogo, ya tundu la milimita 1.3, ya 70,000, na safari hii niliipimia dukani kwa rafiki yangu mwenye kompresa kabla sijalipa. Kwa tenki langu ilishuka kutoka 6 hadi 4 kwa sekunde 78, kama lita 141 kwa dakika. Iko chini ya 168. Inakwenda polepole, upana wake wa kupuliza ni mdogo, upande mmoja wa mlango unachukua dakika nne badala ya tatu, lakini dakika ya nne inafanana na ya kwanza.

Hata hivyo kompresa za namna hii hazikuumbwa zifanye kazi bila kupumzika. Tunapuliza mlango, tunaiacha ipoe tukiwa tunapiga msasa mwingine. Inapopoa maji yanabaki kwenye tenki badala ya kusafiri na hosi. Na maji si utani kwenye pwani yetu: siku ya joto la nyuzi 30 na unyevu mkubwa, mashine ya lita 168 ikifanya kazi saa nzima inakamua karibu glasi nzima ya maji kutoka hewani. Yale maziwa kwenye mlango wa tano yalikuwa hayo. Sasa koki inafunguliwa asubuhi, mchana na jioni, na kabla ya spreya nimeweka kikombe cha kunasa maji mwisho wa mita kumi za bomba la chuma, ambamo hewa inapoa kwanza.

Kijana wangu nilimfuata kwao Mikindani. Sikutuma ujumbe, nilikwenda na pikipiki, nikamkuta anaparua samaki na mama yake. Kumwomba radhi mtu uliyemfundisha kazi mwenyewe ni kugumu, ulimi unakuwa wa gogo. Nilimwonyesha daftari lenye namba: 118 na 307. Akazitazama, akasema, "Si nilisema." Mama yake akanipa pweza wa kuchoma. Jumatatu akaja.

Milango 16 ilikamilika siku tisa baada ya tarehe. Mteja akakata 300,000, na sikubisha. Ukijumlisha na vifaa vilivyoharibika, geji, vipuri, waya wa 85,000 na spreya ya pili, somo zima lilinitoka kama laki saba na nusu. Kipimo chenyewe, kama ningekifanya siku kompresa ilipoteremshwa kwenye basi, kingekula maji ndoo nne na nusu na mchana mmoja.

Daftari limebaki ukutani karibu na swichi. Kila mwanzo wa mwezi, kabla ya kazi, tenki likiwa la baridi, kijana anapandisha kutoka 4 hadi 6 na kuandika sekunde. Ameandika kwa chaki ubavuni mwa tenki, juu ya kibati, 168 kubwa. Mwezi huu imesoma sekunde 62, lita 160. Yeye anasema ni chujio, mimi nasema mkanda. Tumewekeana soda.